Miguu Inapomtangulia Mtoto

Mwaka jana tulimkosea mtoto wa watu, na leo tunataka kuanza na kosa hilo kabla hatujawapa mawaidha ya aina yoyote.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nane. Tulikuwa katika uwanja wa kanisa tukiwafanyisha watoto wa Shule ya Jumapili mazoezi ya michezo kwa ajili ya Siku ya Mikaeli na Watoto. Wasichana walikuwa wakicheza rede. Kati yao alikuwamo binti mmoja wa miaka 12, ambaye mwaka uliotangulia hakuna aliyeweza kumpiga mpira. Alikuwa akiruka, akiinama, akijipinda kiunoni kama samaki, mpaka warushaji wanachoka na kuomba maji. Siku hiyo aliingia katikati, mpira wa kwanza ukampiga begani. Akaingia tena mara ya pili, akajaribu kugeuka, miguu ikajikwaa yenyewe kwa yenyewe, akaanguka kifudifudi. Wenzake wakacheka. Nasi, badala ya kwenda kumwinua, tukamwambia kwa sauti ya kusikika kwamba siku hizi amekuwa mvivu na amezidi kulala.

Hakujibu. Alijifuta vumbi akaenda kukaa chini ya mwembe mpaka mazoezi yakaisha.

Mama yake alipokuja kumchukua ndipo tulipopata habari yote. Nyumbani amevunja vikombe vitatu katika mwezi mmoja. Amemwaga sufuria ya maziwa. Akipita mlangoni anagonga bega, akikaa mezani anapiga goti kwenye mguu wa meza. Mama alikwisha kumchapa mara mbili, akidhani ni utovu wa nidhamu, au mawazo yamekwisha kwenda kwa wavulana. Bibi yake naye alikuwa na lake: mtoto aliyekuwa mwepesi kiasi kile kisha akageuka kuwa goigoi ghafula, hapo pana jicho la watu. Mama alikuwa amekuja kuomba maombi.

Tuliomba naye. Kisha tukamwambia mtoto avue viatu.

Vidole vyake vya miguu vilikuwa vimejikunja kama vya kuku aliyeshika kijiti. Viatu hivyo vilinunuliwa mwezi wa kwanza shule zilipofunguliwa, tena vilikuwa vikubwa kidogo. Tukamwuliza mama kama anayo alama yoyote ya kimo chake. Alikuwa nayo, maana baba wa nyumba hiyo kila Krismasi huwasimamisha watoto wake kwenye fremu ya mlango na kuwachorea mstari kwa kalamu. Tulipofika kwao jioni ile tulimsimamisha mtoto palepale, visigino vikigusa ukuta. Alikuwa ameuacha mstari wa Krismasi kwa sentimeta 6. Miezi minane tu!

Mtoto aliye kati ya miaka 5 na 10 hukua sentimeta 5 au 6 kwa mwaka mzima. Halafu inafika saa ambayo Mungu ameiweka, mwili unapata amri kutoka ubongoni, na mwendo unabadilika. Kwa wasichana walio wengi kasi hiyo hufika kileleni katika umri wa karibu miaka 12, na hukimbilia sentimeta 8 kwa mwaka. Wavulana huchelewa kwa miaka kama 2, lakini wao hukua kwa kasi zaidi, sentimeta 9 au hata 10 kwa mwaka. Ndiyo maana katika darasa la sita utaona wasichana wamewazidi wavulana kimo na kuwatisha, kisha baada ya miaka miwili au mitatu mambo yanageuka.

Jambo ambalo wazazi wengi hawalijui ni kwamba mwili haukui wote kwa pamoja. Nyayo na viganja hutangulia. Kisha hufuata mifupa mirefu ya miguu na mikono. Kiwiliwili huja nyuma yake, na misuli yenye nguvu ya kuitawala mifupa hiyo huja nyuma zaidi, pengine baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo upo wakati ambapo mtoto ana miguu ya mtu mzima lakini nguvu alizonazo ni zile za mtoto. Ni sawa na kumpa mtu jembe lenye mpini mrefu kuliko aliouzoea: atalima, lakini siku za kwanza atajikata kidole.

Na ubongo nao una kazi. Kwa miaka kadhaa umejifunza kwamba mkono huu unafika hapa na mguu huu unaishia pale. Mtoto anyooshapo mkono kuchukua kikombe hapimi kwa macho tu, anatumia ile ramani iliyomo kichwani. Mkono ukirefuka, ramani haijawahi kuchorwa upya, na kikombe kinasukumwa badala ya kushikwa. Vikombe vile vitatu havikuvunjwa na utundu, mama mpenzi.

Tunapenda kulieleza vizuri neno hili la wepesi, kwa sababu watu hulichanganya na mbio. Mbio ni kwenda mbele. Wepesi ni kuweza kusimama ghafula, kugeuka, na kuondoka tena upande mwingine bila kuanguka, jinsi afanyavyo mtoto katika rede, kombolela, netiboli au mpira wa miguu. Kazi ngumu kuliko zote hapo ni ya kujizuia. Mwili uko mbioni, nao lazima usimamishwe na misuli ya mbele ya mapaja, makalio na ndama za miguu, huku tumbo na mgongo vikizuia kiwiliwili kisitupwe. Kimo kikipanda, uzito wa mwili unakaa juu zaidi kutoka ardhini, na kugeuka kunahitaji nguvu kubwa zaidi. Mtoto mfupi mwenye mapaja imara humshinda mrefu mwembamba katika kugeuka, hata kama katika mbio za mita 100 mrefu atashinda.

Uzito nao una sehemu yake. Kilo za misuli humsaidia mtoto kwa kuwa zinafanya kazi. Kilo za mafuta hubebwa tu. Mijini sasa tunawaona watoto wanene wengi kuliko tulipokuwa tukianza kazi, kwa ajili ya soda, chipsi na kukaa mbele ya simu na televisheni. Mtoto kama huyo asichekwe wala asinyimwe chakula. Apunguziwe sukari na mafuta, aongezewe mboga, na apewe nafasi ya kucheza kila siku. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watoto na vijana wapate wastani wa dakika 60 za kutumia nguvu kila siku. Mtoto wa kijijini anayekwenda shule kwa miguu na kuteka maji huzipata hizo bila kuambiwa na mtu.

Lakini hapo kwenye maji tuna neno. Ndoo ya lita 20 ina maji ya kilo 20. Binti wa kilo 32 akijitwika ndoo hiyo amejitwika zaidi ya nusu ya uzito wake, tena katika miaka ambayo ncha za mifupa yake bado ni laini. Ndoo ya lita 10, akaenda mara mbili, itamtunza vizuri zaidi. Tunajua kisima kiko mbali. Hata hivyo tunaomba jambo hilo lifikiriwe nyumbani, na kaka zake nao wapewe ndoo.

Tulisema ncha za mifupa ni laini. Pale ambapo mfupa wa mtoto unarefukia pana tabaka la gegedu lisilo gumu kama mfupa wenyewe. Misuli ya paja imeshikizwa kwa kano chini ya pia ya goti, na mtoto akiruka na kukimbia sana wakati wa kukua haraka, kano hiyo huvuta sehemu hiyo laini mpaka inauma na kutokeza nundu. Mwaka 1903 madaktari wawili, Osgood wa Marekani na Schlatter wa Uswisi, kila mmoja kwa upande wake, walieleza maumivu haya, nayo yamebeba majina yao hadi leo. Huwapata sana watoto wapenda michezo. Maumivu ya namna hiyo huweza kutokea kwenye kisigino pia. Si ugonjwa wa kutisha. Mtoto apunguze kuruka kwa wiki kadhaa, akandwe kwa kitambaa cha maji baridi baada ya mchezo, anyooshe misuli ya paja na ndama taratibu, na mara nyingi huisha ukuaji unapotulia. Kuchanjia goti au kulifunga dawa za kuunguza ni kumwongezea mtoto kidonda.

Turudi kwa binti yetu. Kama ingekuwa ni kimo na viatu tu, tungemwambia mama asubiri. Lakini tulipomshika mkono ili kumsimamisha kwenye mlango ule, tuliona kiganja. Kilikuwa cheupe isivyo kawaida. Tukaweka kiganja cha mama kando ya cha mtoto, mama mwenyewe akashtuka. Tukavuta kope la chini la jicho, hali ni ileile. Tukamwuliza mtoto kama anachoka upesi. Akasema akipanda kilima cha kwenda shuleni moyo unapiga mpaka anausikia masikioni, na kwamba hajamwambia mtu kwa kuwa kila mtu anasema yeye ni mvivu.

Hapo, akina mama, ndipo tuliponyamaza.

Jumatatu alipelekwa zahanati. Damu yake ilikuwa gramu 9.8, wakati mtoto wa miaka 12 anatakiwa awe na 12 au zaidi. Choo kilipopimwa kikaonyesha mayai ya minyoo ya safura, ambayo huingia kupitia ngozi ya nyayo pale mtoto anapotembea peku kwenye udongo wenye unyevu uliochafuliwa na kinyesi, kisha hukaa katika utumbo na kunyonya damu. Viatu vilikuwa vikimbana, kwa hiyo kila alipotoka shuleni alivivua na kwenda shambani peku. Mambo yalikuwa yamefungamana hivyo.

Damu ndiyo inayobeba hewa safi kuipeleka kwenye misuli. Mtoto anayekua haraka anaongeza misuli na anaongeza damu kwa wakati mmoja, na vyote viwili vinahitaji madini ya chuma. Msichana akishavunja ungo anapoteza kiasi kingine kila mwezi. Ikiwa chakula ni ugali na mboga kidogo, na chai ya rangi inafuata papo hapo baada ya kula, chuma kinachobaki mwilini ni haba, kwa maana majani ya chai huzuia madini hayo yasifyonzwe. Katika nyumba ya binti huyu chai ilinywewa pamoja na chakula cha mchana na cha usiku. Tulishauri isogezwe, inywewe saa moja au mbili kando ya chakula. Maharage, choroko, dagaa, mchicha na matembele viliongezwa, na maini kila fedha ilipopatikana. Kila mlo ukafuatwa na chungwa, pera au ndimu iliyokamuliwa juu ya mboga, kwa sababu matunda hayo husaidia chuma cha kwenye mboga kuingia mwilini. Hii haikugharimu sana. Mpera ulikuwa nyuma ya jiko lao, na mapera yalikuwa yanaliwa na ndege.

Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu kutoka zahanati. Tunasisitiza: kutoka zahanati. Usinunue vidonge hivyo dukani kwa kukisia. Mtoto mwenye selimundu naye huwa na damu pungufu, lakini kumpa chuma bila daktari kunaweza kumdhuru. Na vidonge viwekwe juu, mbali na wadogo, maana mtoto wa miaka 2 au 3 akivimeza akidhani ni peremende anaweza kupoteza maisha.

Kuna maumivu na dalili ambazo si za kusubiri. Mtoto anayechechemea kwa siku kadhaa bila kuumia. Anayesema goti linamwuma lakini goti halina kitu, hasa kama ni mnene, kwa kuwa huenda kichwa cha mfupa wa paja kinateleza kwenye nyonga na maumivu yanasikika gotini. Anayeamshwa usiku na maumivu ya mfupa mmoja. Mwenye homa na kiungo kilichovimba. Au yule ambaye kila mwezi anazidi kudhoofika hata kuinuka sakafuni lazima ajisukume kwa mikono mapajani. Hao wapelekwe hospitali upesi, na mwenye nyonga asitembezwe kwa mguu huo. Macho pia yapimwe. Mtoto asiyeuona mpira vizuri hawezi kuukwepa.

Sasa kuhusu wasichana tunataka kusema jambo ambalo baadhi ya wasomaji wataona haya kulisoma. Wengi wao hawaachi michezo kwa sababu miguu imekuwa mizito. Wanaacha kwa sababu matiti yameanza kuuma na kutikisika wanapokimbia, na wavulana wanatazama. Wengine wanaogopa siku zao kuwakuta uwanjani. Nyonga zinapanuka, mwili unaweka mafuta kidogo kwa ajili ya kazi ya baadaye, na hilo ni jema, lakini msichana akiacha kabisa kucheza katika miaka hii misuli yake haitaupata mwili wake mpya, na wepesi aliokuwa nao akiwa na miaka 10 hautarudi kwa urahisi. Sidiria inayobana vizuri, sketi pana au suruali ya michezo chini ya sketi, na vitambaa au pedi vya kutosha, vinamrudisha uwanjani. Haya ni mazungumzo ya mama na bintiye. Kama mama hawezi, basi shangazi. Kama shangazi hayupo, tuko sisi.

Kwa mtoto mwenye afya ambaye amekuwa mzito kwa sababu ya kukua tu, mazoezi madogo ya uani husaidia kuichora ile ramani upya. Panga makopo au mawe matano kwa mstari, hatua tatu tatu, apite kwa kupindapinda, kwanza kwa kutembea, kisha kwa mbio. Aruke kamba. Asimame kwa mguu mmoja akihesabu mpaka 30, halafu afumbe macho, mama ukiwa karibu. Akae na kuinuka kwenye kigoda bila kushika kitu, mara 10. Dakika 15, siku tatu kwa wiki, zinatosha kuanzia, na akisikia goti linauma aache. Usimlinganishe na jirani. Watoto wawili waliozaliwa mwezi mmoja, mmoja anaweza kuwa amekwisha kubalehe na mwingine bado mtoto kabisa, na wote wawili wakawa wazima. Mwalimu wa michezo anayewachagua watoto kwa UMITASHUMTA tungemwomba naye akumbuke hivyo, asimtupe mtoto wa miaka 12 kwa sababu mwaka huu anajikwaa. Si kila mtoto hupata shida hii, lakini anayeipata aghalabu hutulia mwaka mmoja au miwili baadaye.

Mwinjili Luka alipomwandika Bwana wetu akiwa na miaka 12 hakusahau kutaja kwamba aliendelea kukua kwa kimo pia. Tumekuwa tukijiuliza kama katika karakana ya Yusufu havikuwahi kuanguka vyombo.

Binti yetu hakukimbia Siku ya Mikaeli na Watoto. Alipewa kazi ya kuhesabu pointi. Mbele ya watoto wale wale waliomcheka tulimwomba radhi, tukaeleza kwamba hakuwa mvivu bali alikuwa anaumwa na sisi hatukuona, ingawa kuona ndiyo kazi yetu. Aliinamisha kichwa, akachora chora kwenye daftari la pointi. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na moja damu yake ilifika gramu 12.1. Baba yake akamnunulia viatu vyenye nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya vidole, na kwenye michezo ya Krismasi aliingia tena katikati ya rede. Alipigwa kwenye mrusho wa sita. Hajarudi alipokuwa, ila anacheka akipigwa.

Kikombe cha nne kilivunjika majuzi. Mama yake alitupigia simu kutueleza, na kwa namna alivyokuwa akicheka tulijua kabla hajasema kwamba safari hii aliyekivunja ni yeye mwenyewe.